Sala Inapokosa Maneno: Tunayodhani na Yaliyo Kweli

Mtu anapiga magoti, anafumba macho, anasema "Baba yetu uliye mbinguni," halafu anakwama. Hajui aombe nini. Pengine amefiwa, pengine ndoa imevunjika, pengine hakuna jambo moja analoweza kulitaja. Anajua tu kwamba amepotea. Anainuka na aibu yake, na baada ya majuma machache haombi tena. Imani bado anayo. Kilichomwangusha ni mambo aliyoyasikia kuhusu maombi, mara nyingi kutoka kwa watu wenye nia njema kabisa, ambayo Maandiko hayasemi.

Dhana: Usiposema neno, hujaomba.

Msome Hana katika 1 Samweli 1. Yuko hekaluni Shilo, analia kwa uchungu. Midomo inatikisika, sauti haisikiki. Kuhani Eli anamkazia macho, anaitazama ile midomo, na kuhani mzima anaamua kwamba mwanamke huyu amelewa. Hana anamjibu kwa heshima: hakunywa divai wala kileo, bali alikuwa akiimimina roho yake mbele za Bwana. Ombi lile ambalo mtu aliyesimama karibu hakulitambua ndilo Mungu alilolijibu.

Kuna mahali pengine panapopitwa haraka na wasomaji. Kutoka 2:23 inasema wana wa Israeli waliugua kwa ajili ya utumwa, wakalia, na kilio chao kikamfikia Mungu. Haielezi waliomba kwa maneno gani, wala haisemi kwamba walimtaja Mungu. Waliugua tu kwa uzito wa kazi, na aya inayofuata inasema Mungu akasikia kuugua kwao.

Ndiyo maana maneno ya Paulo katika Warumi 8:26 yana uzito mkubwa kwa aliyekwama: "hatujui kuomba jinsi itupasavyo." Mtume mwenyewe anajihesabu humo, hasemi "hamjui". Kisha anaongeza kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kwa hiyo unapokaa mbele za Mungu huna la kusema, maombi yanaendelea ndani yako, na wewe si mwombaji pekee.

Dhana: Ombi fupi, au linalorudiwa, halina nguvu.

Petro alipoanza kuzama alisema, "Bwana, niokoe." Mtoza ushuru alijipiga kifua na kuomba rehema kwa sentensi moja, akashuka nyumbani amehesabiwa haki. Kuhusu kurudia, Mathayo 26:44 inasema Yesu aliomba Gethsemane mara ya tatu akisema maneno yale yale. Alilokemea katika Mathayo 6:7 ni kupayuka-payuka kwa kudhani wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie. Mtu anayerudia "Bwana, nihurumie" kwa sababu hana lingine hayumo katika kundi hilo.

Dhana: Sala ya kusoma kitabuni si sala ya moyo.

Hili linasemwa sana, na nadhani limewaumiza watu wengi bila sababu. Msalabani, katika saa yake ngumu kuliko zote, Yesu aliazima maneno. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" ni mwanzo wa Zaburi ya 22. "Mikononi mwako naiweka roho yangu" limetoka Zaburi ya 31. Kama yeye aliegemea zaburi, mimi na wewe hatuna haja ya kuona haya.

Jaribu Zaburi ya 13, yenye aya sita tu. Isome kwa sauti, polepole, hata kama hujisikii lolote. Inauliza "hata lini" mara nne kabla ya kufika kwenye ombi lenyewe. Ukichoka, ishia kwenye swali. Kesho utaanzia hapo.

Dhana: Kumlalamikia Mungu ni kukosa imani.

Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila shukrani yoyote mwishoni, na imo katika Biblia. Ayubu alilalamika sura baada ya sura. Mwishoni Mungu aliwakasirikia rafiki zake waliokuwa wakimtetea Mungu, akasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu.

Dhana: Ukiomba sawasawa, amani huja palepale.

Eliya, katika 1 Wafalme 19, aliomba afe. Hakupewa hotuba. Aliachwa alale, malaika akamgusa na kumpa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Mungu alianza na mwili. Kwa hiyo usingizi ukikukimbia usiku baada ya usiku, kumwona daktari au mshauri hakupingani na maombi. Na kama umefika alipofika Eliya, unatamani kufa, mwambie mtu leo hii. Usingoje kwanza uweze kuomba vizuri.

Dhana: Jambo hili ni kati yangu na Mungu tu.

Katika Marko 2, mtu aliyepooza hasemi neno hata moja. Wanne wanambeba, wanaitoboa dari na kumshusha, na Yesu anaiona "imani yao". Yakobo 5:14 nayo inamwambia mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee. Huhitaji kueleza kisa chote. Mtumie mmoja unayemwamini ujumbe: "Niombee, mimi siwezi kwa sasa." Akikuuliza uombewe nini na hujui, mwambie hujui. Aombe hivyo hivyo.