Yesu "nusu Mungu nusu mtu" na mengine tunayowafundisha watoto kimakosa

Nimekaa na watoto wa sande skuli muda mrefu, na mkanganyiko mwingi hauanzii kwao, unaanzia kwetu. Tunawapa kimfano chepesi ili waelewe haraka, halafu wanaondoka na kimfano, somo linabaki darasani.

DHANA: Yesu ni nusu Mungu, nusu mtu.
UKWELI: Hata wazee wa kanisa utawasikia wakisema hivi. Imani yenyewe inasema ni Mungu kamili na mtu kamili kwa pamoja, na mtaguso wa Kalkedonia (mkutano mkuu wa maaskofu) mwaka 451 ulitamka hivyo hivyo. Mtoto hana haja ya kujua Kalkedonia, wewe ndo ujue, ili hiyo "nusu" isikuponyoke mdomoni.

DHANA: Mungu alivaa mwili kama mtu anavyovaa koti.
UKWELI: Hapa ndo kuna kazi. Tunapenda ile hadithi ya mfalme anayevaa matambara akaenda kukaa na maskini, ni tamu kweli, ila huyo mfalme anajifanya tu, jioni anarudi ikulu kuoga, kwa hiyo mtoto anaondoka akijua Yesu alikuwa anaigiza umaskini na maumivu. Na sio kosa jipya, karne za mwanzo walikuwepo waliosema mwili wake ulikuwa wa kuonekana tu, kanisa likawakatalia. Yohana 1:14 inasema Neno, yaani Yesu, alifanyika mwili, haisemi alijifunika mwili. Mi siku hizi mifano nimeiacha nasimulia Injili tu: amechoka njiani akakaa kisimani, amelala chomboni huku mawimbi yanaingia, amelia kaburini kwa Lazaro. Halafu kuna Luka 2:52, kwamba alikua katika hekima na kimo. Siku nimeisoma hiyo mtoto mmoja akauliza, "kwa hiyo na yeye alifundishwa kutembea?" Nikamwambia ndio, na kuanguka lazima alianguka. Darasa zima kimya, wanawaza.

DHANA: Yesu alianza kuwepo Bethlehemu.
UKWELI: Wimbo wa hepi bethdei Yesu hauna ubaya, lakini ongezea kwamba Wakristo wanaamini Mwana alikuwepo kabla ya vyote, pale alizaliwa kama mtu.

DHANA: Kristo ni jina la ukoo.
UKWELI: Ni cheo. Kristo kwa Kigiriki na Masihi kwa Kiebrania ni kitu kimoja, mpakwa mafuta. Anzia kwa nabii Samweli anayekagua wana wa Yese mmoja mmoja akitafuta mfalme wa kumpaka mafuta, na kumbe anayetafutwa, Daudi, yuko machungani (1 Samweli 16), watoto wanaipenda hiyo balaa, na ukishafika kwa Daudi kupakwa mafuta ahadi ya mfalme wa uzao wake (2 Samweli 7) inaeleweka bila kutumia nguvu.

DHANA: Utabiri wa Masihi ulikuwa wazi kabisa, Wayahudi wakamkataa Yesu kwa ukaidi tu.
UKWELI: Hii naomba tuiache, inapanda chuki kwa mtoto. Yesu mwenyewe Myahudi, mama yake Myahudi, mitume wake wale kumi na wawili Wayahudi. Matarajio hayakuwa ya aina moja, wengi walisubiri mfalme wa kuwatoa chini ya Warumi, na hata wanafunzi wake baada ya ufufuko bado walikuwa wanauliza ufalme utarudishwa lini kwa Israeli (Matendo 1:6). Wayahudi wa leo wanayasoma maandiko hayo kivyao, na mtoto anaweza kuambiwa hivyo bila kugombana na mtu.

DHANA: Mamajusi walikuwa watatu na walikutana na wachungaji zizini.
UKWELI: Zawadi walizomletea mtoto Yesu ndo tatu, idadi yao wenyewe Mathayo hajaitaja, na anasema waliingia nyumbani. Kwa hiyo kwenye igizo la Krismasi ukiwa na watoto saba wanaolilia kuwa mamajusi, wape wote saba.