Streini-geji haipimi nguvu

Wiki hii nimesikia mara tatu kwamba streini-geji "inapima nguvu". Mara ya mwisho ilikuwa kwenye foleni ya mizani ya malori, utingo mmoja akimweleza mwenzake kwa sauti ya mwalimu mkuu. Pale nilinyamaza kwa adabu.

Streini-geji, kidude kilichomo ndani ya mizani kama hiyo, ni utepe mwembamba wa metali, mara nyingi aloi ya shaba na nikeli, uliokunjwakunjwa kwenda na kurudi, kisha ukabandikwa kwa gundi juu ya chuma. Chuma kikivutwa, utepe nao hurefuka na kukonda, na ukinzani wake wa umeme hupanda, kikibanwa, hushuka. Badiliko ni dogo mno, ndiyo maana husomwa kwa saketi iitwayo daraja la Wheatstone. Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, waliibuni streini-geji mwaka 1938, kila mmoja kivyake.

Sasa lile linaloniudhi. Watu husema "mkazo" kwa mambo mawili tofauti. Mkazo umetoka kwenye kukaza: yupo anayekaza na kipo kinachokazwa. Ni nguvu ukiigawa kwa eneo. Mnyumbuko umetoka kwenye kunyumbuka, na isikilize hiyo -ka ya mwisho: mtendaji hatajwi, kinachosemwa ni hali iliyokipata kitu, kama kupinda na kupindika. Ni urefu ulioongezeka ukiugawa kwa urefu wa mwanzo, kwa hiyo hauna hata kizio. (Mnyambuliko wa vitenzi ni kingine kabisa, tafadhali.) Wenye Kiingereza chao ilibidi wamsubiri mhandisi Mskoti, William Rankine, miaka ya 1850, awatenganishie stress (mkazo) na strain (mnyumbuko), na mitaani bado wanayachanganya. Sisi sarufi imetutenganishia bure, nasi hatutaki.

Na si ubishi wa maneno matupu. Chukua fimbo ya chuma ya mita 1, ivute hadi irefuke milimita 1. Mnyumbuko ni 0.001, na geji yenye ukinzani wa omu 350 itapanda kama omu 0.7. Mkazo ndani ya chuma hicho ni takriban nyutoni 200 kwa kila milimita mraba. Rudia kwa fimbo ya alumini: geji itasoma omu 0.7 zilezile, lakini mkazo ni kama theluthi tu. Geji haijui imebandikwa juu ya nini. Tena fimbo iliyoachwa huru juani hurefuka bila kukazwa na yeyote.

Kwa hiyo, ndugu yangu utingo, lori lenu likisomeka limevuka tani 56, kikomo cha Afrika Mashariki, kile kidude cha chini hakikuziona hizo tani. Kimeona kipande cha chuma kikinyumbuka kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Tani ni hesabu ya waliojua ni chuma gani, kina unene gani, wakakijaribu kwanza kwa mawe ya mizani ambayo uzito wake unajulikana.