Posti-panki si kila wimbo wa majonzi

Siku hizi mwimbaji akiwa na sauti nzito na wimbo ukiwa wa kusononesha, basi watu wameshauita posti-panki. Hapana, jamani.

Posti-panki ni roki iliyochipuka hasa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, ya vijana waliobaki na ari ya panki (roki ya kasi na kelele) ya kujifanyia mambo wenyewe lakini wakachoshwa na gita lile lile la mbio. Wala haikungoja panki ife: bendi ya Wire walitoa albamu yao Pink Flag mwishoni mwa 1977, wiki chache tu baada ya albamu ya Sex Pistols, bendi maarufu ya panki.

Linaloniudhi zaidi ni hilo la majonzi. Naona limetokana na Unknown Pleasures, albamu ya bendi ya Joy Division, iliyotolewa na Factory Records ya Manchester mwezi Juni 1979. (Ile michirizi myeupe ya kwenye jalada lake, inayoonekana pia kwenye fulana, ni mapigo ya nyota iitwayo CP 1919, si milima.) Mwimbaji wao, Ian Curtis, alijiua Mei 1980, na tangu hapo albamu inasikilizwa kama tanzia. Kazi iliyofanywa studio kule Stockport inasahaulika. Prodyuza Martin Hannett alimtaka mpiga ngoma Stephen Morris arekodi ngoma zake mojamoja ili sauti zisiingiliane, akazitia mwangwi wa kidijiti, akaacha nafasi tupu kati ya chombo na chombo. Peter Hook alikuwa amezoea kupiga besi kwenye nyuzi za juu, maana gita la Bernard Sumner lilikuwa na kelele mno na akipiga chini hajisikii. Basi melodi ikahamia kwenye besi. Hook na Sumner wenyewe hawakuipenda albamu. Walitaka ukali wa jukwaani.

Urithi wake uko kwenye mpangilio huo. Bendi ya Interpol waliufuata mwaka 2002. Waliobaki wa Joy Division, wakiwa New Order, waliipeleka besi hiyo hiyo disko na wimbo wa Blue Monday wa 1983. Na mwaka ule ule wa 1979, bendi ya Gang of Four walikuwa wakichota kwenye fanki, na Public Image Ltd kwenye dabu ya Jamaika, rege ya besi nzito na mwangwi. Muziki wa kuchezeka kabisa.

Kwa hiyo kabla hujaupa wimbo jina hilo, isikilize besi kwanza. Ikiwa inalifuata gita tu huku mwimbaji akilia, uite roki ya majonzi. Nayo ina wapenzi wake, mimi nikiwamo.