Je, Wajua? Kwaya ya Queen Ilikuwa Watu Watatu

Queen, bendi ya roki ya Freddie Mercury, mzaliwa wetu wa Unguja wa mwaka 1946, ilibadilika sauti ilipotoa albamu ya The Game mwaka 1980. Hapo ndipo ilipotumia sinthesaiza, kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti, kwa mara ya kwanza. Wengi hawaamini. Kwani zile kwaya na matarumbeta ya nyimbo za nyuma yalitoka wapi?

Hayakutoka kwenye kinanda cha umeme. Jalada la albamu yao ya kwanza, ya 1973, lilitamka wazi kwamba hakuna aliyepiga sinthesaiza, na majalada kadhaa yaliyofuata yakashikilia hayo hayo. Kwaya ya "Bohemian Rhapsody" (1975) ni Mercury, mpiga gitaa Brian May na mpiga dramu Roger Taylor, basi. Bendi ya jazi inayosikika kwenye "Good Company", tarumbeta na klarineti zake, ni gitaa la May, alilolichonga na baba yake. Shingo lake ni ubao wa meko ya zamani.

Walifanyaje? Tazama mkeka unavyoshonwa: ukili kando ya ukili. Utepe wa kurekodia wa studio ulikuwa na upana wa inchi 2, ndani yake njia 24 sambamba. Watatu wanaimba, sauti inakaa kwenye njia moja. Utepe unarudishwa nyuma, wanajisikiliza masikioni, wanaimba tena juu yake kwenye njia nyingine. Njia zikikaribia kwisha, kadhaa husukwa pamoja kuwa moja, kama chane zinavyoingia kwenye ukili, na nafasi ikapatikana tena. Ila ukili huu haufumuki: kosa likishaingia, limeingia. Na utepe nao unalika. Wenyewe husimulia kuwa tabaka za sauti zilifika 180 hadi utepe ukawa unapitisha mwanga. Masimulizi ya wanamuziki hayo, yachukuliwe kwa kiasi chake.

Sinthesaiza nyingi za awali zilitoa noti moja tu kwa wakati. Oberheim OB-X ya 1979 ilitoa kadhaa kwa mpigo, nayo ndiyo inayovuma mwanzoni mwa "Play the Game". Cha kuchekesha, baada ya kupata mashine ya kujaza sauti, wakaanza kuzipunguza: "Another One Bites the Dust" inabebwa na gitaa la besi la mwenzao John Deacon, na kimya kingi katikati.

Wapo pia wanaoisikia taarabu humo. Ushahidi wake mwembamba. Mercury alipelekwa shule ya bweni India akiwa na miaka 8, na bendi yake ya kwanza, The Hectics, ilikuwa huko huko.