Ukitaka kumjengea bibi nyumba, njoo mwezi wa sita

Kamwene wadau. Kila mwaka ikifika mwezi wa 11 simu yangu inaanza kuita, mara kikundi cha kwaya, mara wanachuo wa Iringa mjini, mara watu wa ofisi fulani wamechanga hela, na wote wanasema kitu kimoja, fundi tuna vijana 30 Jumamosi tunakuja Mufindi kumjengea mjane nyumba, tuandalie kazi. Moyo wao naupenda kweli kweli, na bila watu kama hao kuna familia zingekuwa bado zinalala kwenye kibanda cha nyasi mpaka leo. Ila mwezi wa 11 huku mvua ndo inaanza, na nyumba ambayo haijafika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, muda huo vijana 30 hawawezi kuisaidia kitu, tutaishia kusimama kwenye tope tunapiga picha afu bibi anabaki na kuta zinazolowa mpaka mwezi wa 5.

Mi ni mwashi, nimesomea VETA, nina miaka 17 kwenye hii kazi na karibu nusu yake nimejenga nyumba za watu wasiojiweza kuanzia Ifunda, Mafinga, mpaka karibu na Makambako. Wengi ni bibi na babu wanaolea wajukuu, maana mikoa yetu hii ya Njombe, Iringa na Mbeya ukimwi umetupiga kuliko sehemu nyingi za nchi na kuna nyumba kizazi cha katikati hakipo kabisa, unamkuta bibi wa miaka 70 na watoto wanne wadogo na bati zimetoboka. Kwa hiyo haya nayoandika nayaandika kwa sababu nataka mje, ila mje wakati ambao mikono yenu inahitajika.

Sasa ratiba ya nyumba huku kwetu inapangwa na mvua. Nyanda za juu tuna msimu mmoja, inaanza Novemba inaachia Aprili au Mei, na tofali la udongo likinyeshewa kabla halijachomwa linarudi kuwa tope. Hivo mwezi wa 6 ndo tunafyatua, tunayaacha yakauke, na hapo Mufindi kuna ukungu na baridi kali, usitegemee yakauke haraka kama kule Usangu bondeni kwenye joto, sisi yanaweza kuchukua wiki 3 na zaidi na lazima uyafunike nyasi juu yasipasuke kwa jua la mchana. Mwezi wa 8 tunapanga tanuru na kuchoma, wa 9 ukuta, wa 10 linta na paa. Ukiihesabu hiyo miezi utaona kazi inayotaka watu wengi kwa wakati mmoja iko mwanzoni, kuchota maji, kukanyaga udongo, kufyatua, kusogeza, kupanga tanuru. Ukuta wenyewe unahitaji mafundi 2 wazuri na saidia fundi 4, basi.

Kuhusu tofali niongee kidogo maana hapa ndo hela inaokolewa. Tanuru letu tunachomea mabanzi, yale magamba ya magogo yanayobaki kwenye viwanda vya mbao, na kwa vile shamba la miti la Sao Hill liko hapa hapa wilayani mabanzi yanapatikana, wenzetu wa Mbarali na Kyela wanatumia pumba za mpunga. Tusichome kuni za msitu wa asili, hilo huwa nalikataa hata kama mtu katoa bure. Tanuru likishawaka vizuri tunaziba midomo na kuliacha lipoe lenyewe, msilifungue kwa haraka. Kulijua tofali lililoiva chukua mawili uyagonganishe, yakilia kama chuma yameiva, yakitoa sauti ya kufifia kama umegonga boga weka pembeni, hayo ya pembeni ya tanuru ambayo hayakuiva yasiingie kwenye msingi hata siku moja.

Njia nyingine ni tofali za kufungamana, zile zinazokandamizwa na mashine ya mkono kwa udongo uliochanganywa na simenti kidogo, watu wa Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora ndo wamezisambaza sana nchini. Hizi hazichomwi, na ukuta wake hauli udongo wa kujengea, ule wa kushikiza tofali na tofali, kwa sababu zinashikana zenyewe, na ukizipanga vizuri hata plasta unaweza usipige. Mfuko mmoja wa simenti mi hupata tofali 70 mpaka 80 kutegemea udongo, na mita moja ya mraba ya ukuta inakula kama 33, kwa hiyo nyumba ya vyumba viwili na sebule inafika tofali 3000 hivi, yani mifuko kama 40. Ni hela, lakini unakuwa umeshamaliza kuni, plasta na udongo wa kujengea kwa mkupuo. Udongo upimwe kwanza, jaza chupa nyeupe ya maji nusu udongo nusu maji, tikisa, iache ilale mpaka asubuhi, mchanga utakaa chini na mfinyanzi juu, ukiona mfinyanzi umezidi tofali zitapasuka. Ndugu zangu hizi tofali zikitoka kwenye mashine zinatakiwa kukaa kivulini na kumwagiliwa maji kila siku, wiki nzima ya kwanza bila kukosa, afu ziendelee kukaa mpaka zifikishe kama mwezi ndo zijengewe. Nani atamwagilia siku ya Jumatano asubuhi wakati wanakwaya wamerudi mjini? Hilo swali linatakiwa lijibiwe kabla mashine haijaletwa.

Maji kwa kweli ndo kitu watu wa kujitolea hawakifikirii. Msingi unataka maji, zege la linta linataka maji, na tofali za kuchoma lazima uziloweke kabla ya kujengea kwa sababu tofali kavu linanyonya maji yote ya ule udongo wa simenti, simenti inakuwa haijashika, baada ya miezi unakwangua na kucha inadondoka kama majivu. Nyumba nyingi za msaada nilizoitwa kuzirekebisha nilikuta shida ni hiyo, simenti ilikuwa ya kutosha kabisa, ila maji hayakutosha. Kijiji kimoja kisima kilikuwa chini bondeni, vijana 12 walikuja wakasema sisi kujenga hatujui, nikawaambia nipeni siku 3 za ndoo, wakajaza mapipa 6 kila asubuhi kwa siku 3 na ile nyumba mpaka leo ukuta wake ukipigilia msumari unapinda. Hao vijana hawakushika mwiko hata dakika moja.

Na nisimulie kosa, ili lisirudiwe. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nasimamia nyumba ya mama mmoja mwenye watoto 5, kundi likaja kubwa, wana hamu, wakawa wanaomba kila mtu apange tofali, na mi nikakubali kwa sababu walikuwa wametoka mbali na wamechangia bati. Siku moja ukuta ukapanda kozi 17, yani mistari 17 ya tofali, kama mita 2 hivi, kwa udongo mbichi. Asubuhi nimeweka timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, ukuta wa nyuma umelala nje vidole vitatu. Tukaubomoa wote mbele ya yule mama, na yule mama hakusema neno, alikuwa anaokota tofali nzima nzima anaziweka pembeni. Ile sura sijaisahau. Tangu hapo kwangu ukuta haupandi zaidi ya kozi 12 kwa siku, hata waje watu mia, na pembe za nyumba anajenga fundi tu, mgeni akitaka kujaribu mwiko namweka katikati ya ukuta kamba ikiwa imevutwa na fundi pembeni yake.

Kuna kazi ambayo kundi kubwa linaifanya na hamna fundi anayeweza kuifanya peke yake. Nyumba ya bibi mmoja ilikuwa juu kwenye kilima, fuso likafika barabarani likagoma, njia ya mguu kama mita 60 na mteremko mkali, tofali 3000 ziko chini. Kwa saidia fundi wangu 4 hiyo ilikuwa kazi ya siku 4 au 5 na ni hela ya kulipa kila siku. Wakaja watu 40 na kitu, wanachuo wamechanganyika na wanakijiji, tukajipanga mstari kutoka kwenye fuso mpaka kwa bibi, tofali linatoka mkono huu linaingia mkono huu, watu wanaimba, saa 6 mchana zimeisha zote na zimepangwa. Zile hela za siku 4 nikanunulia bati za geji 28 badala ya 32. Namba ikiwa ndogo bati ni nene, wengi wanadhani kinyume.

Huku zamani hiyo ilikuwa inaitwa mgowe, mwenye kazi anaandaa chakula na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, majirani wanakuja wanalima au wanasimamisha nyumba, kesho zamu yako. Hata lile shirika la Habitat for Humanity ambalo watu wanalijua kwa picha za rais wa zamani wa Marekani Jimmy Carter akiwa na nyundo, alianza kujitolea nao 1984, mwanzilishi wake Millard Fuller na mkewe Linda kabla ya kulianzisha 1976 waliishi Mbandaka huko Zaire, Kongo ya sasa, kuanzia 1973 wakijaribu mpango wao, nyumba zisizo na faida wala riba na familia yenyewe inafanya kazi kwa mikono yake pamoja na wanaojitolea. Hicho kipengele cha familia kufanya kazi nakisisitiza sana. Bibi hawezi kubeba tofali lakini anaweza kuamua mlango uangalie wapi na jiko likae wapi, mjukuu wa miaka 14 anaweza kuchekecha mchanga, mjomba anaweza kuchimba msingi. Nyumba ambayo familia iliulizwa huwa inatunzwa. Nimeona nyumba nzuri ya wafadhili imegeuzwa ghala la mahindi na familia inalala kwenye kibanda cha zamani, kisa hawakuwekewa sehemu ya kuota moto, Mufindi Julai hiyo jamani.

Sehemu ambayo sikubali kupunguza gharama ni juu, linta na paa. Mkanda wa zege wenye nondo uzunguke kuta zote bila kukatika, sio kipande juu ya mlango na kipande juu ya dirisha. Sisi tumekaa kwenye Bonde la Ufa, mwaka 1910 Rukwa kulipiga tetemeko kubwa sana na huku mitikisiko midogo tunaisikia, ukuta wa tofali usiofungwa juu unafunguka kwenye pembe. Kwenye mkanda huo ndo unazamisha waya wa kufungia kenchi, zile mbao za pembetatu zinazobeba paa, maana upepo wa kabla ya mvua unaezua, unabeba bati na papi na kila kitu kama mbao zimelazwa tu juu ya ukuta. Mbao ziwe zimewekwa dawa, na msumari wa bati upigwe kwenye mgongo wa bati, ukipiga bondeni maji yanaingia kwenye tundu mwaka wa kwanza tu. Wanaojitolea kwenye paa wapande wachache na wenye uzoefu, wengine wabaki chini kupasia bati. Kuanguka kwa mtoto wa watu hakuna nyumba inayokufidia.

Ardhi sasa, na hii ifanyike hata kabla ya mwezi wa 6. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kiwanja kipimwe, mjane apate hati yake ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki hiyo sawa na mwanaume. Niliwahi kumaliza nyumba, bati zimeng'aa, miezi 8 baadaye shemeji wa yule mama akaja anasema kiwanja cha kaka yake, na mama akatoka na watoto akarudi kupanga. Tulikuwa tumemjengea shemeji nyumba. Karatasi moja ingezuia.

Mwisho kuhusu hela za fundi. Mara nyingi naulizwa, kwani na wewe si ujitolee? Siku zangu mwenyewe natoa, lakini wale mafundi 2 wa kijijini lazima walipwe, wana watoto na hicho ndo kipindi chao cha kupata kabla ya mvua. Kikundi kikija na watu 30 kufanya bure kazi ambayo fundi wa pale angelipwa, tumesaidia familia moja tumeumiza mbili. Weka kwenye bajeti fundi, chakula cha mchana cha kila mtu, glavu na simenti, afu nyinyi leteni mikono.

Mwaka huu tunaanza kufyatua Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa 6, ni nyumba ya bibi na wajukuu watatu, kiwanja kimeshapimwa na hati iko mkononi kwake. Naweza kupokea watu 25 kwa siku, na nahitaji zaidi watu wawili wawili wa katikati ya wiki kwa ajili ya kumwagilia. Anayekuja abebe ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, gambuti kama anazo, na sweta la ziada, saa 1 asubuhi kule ukungu unakuwa bado haujainuka.