Maji ya Ikweta Pale Kayabwe
Kando ya barabara ya Kampala kwenda Masaka, nchini Uganda, pale Kayabwe, maduara meupe ya saruji huonyesha mahali ikweta inapokatiza. Wasafiri hushuka, wakaonyeshwa beseni lenye tundu: hatua chache kaskazini ua linaloelea majini huzunguka upande mmoja, kusini huzunguka upande wa pili, na mstarini maji hushuka wima. Wengi huondoka wakiamini wameuona mzunguko wa dunia.

Sivyo. Nguvu ya Koriolisi, yaani ile inayotokana na dunia kujizungusha na ambayo kweli huvizungusha vimbunga vikubwa, kwenye ikweta ni sifuri, na hatua ishirini kutoka hapo bado ni hafifu mno kuushinda hata msukosuko mdogo uliobaki ndani ya beseni. Kinachoamua ni namna maji yalivyomiminwa. Utazame vizuri mkono wa anayemimina, na upande anaogeukia. Mwaka 1962, Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, huko Marekani, mbali kabisa na ikweta, ili auone maji yakizungushwa na nguvu hiyo alilazimika kutumia tangi lenye upana wa karibu mita 1.8 na kuyaacha maji yatulie saa 24 kabla ya kuzibua tundu.