Herufi Ndogo Hazipatikani kwa Kuongeza 32 Tu

Waandishi wengi wa programu huamini kwamba kugeuza maandishi kuwa herufi ndogo ni kuongeza 32 kwenye namba ya kila herufi kubwa, kwa kuwa katika jedwali la ASCII, linaloipa kila herufi namba yake, A ni 65 na a ni 97. Kwa Kiswahili imani hiyo haileti madhara, lakini kwingineko haisimami. Kituruki kina i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, na kila moja ina umbo lake kubwa: i huwa İ, na ı huwa I. Ndiyo sababu amri ya kupata herufi ndogo, toLowerCase(), ya lugha ya programu ya Java, ambayo hufuata lugha ya kompyuta isipoelekezwa vinginevyo, hugeuza TITLE kuwa tıtle kwenye kompyuta ya Kituruki, na ulinganisho wa maneno ukashindwa ilhali msimbo unaonekana sahihi kabisa. Kwa maneno ya ndani ya programu, andika toLowerCase(Locale.ROOT), ambayo haifuati lugha ya kompyuta, hata kama hutarajii mtumiaji yeyote Mturuki. Katika Python, lugha nyingine ya programu, tatizo ni jingine: amri yake ya lower() huiacha ß ya Kijerumani kama ilivyo, maana tayari ni herufi ndogo, hivyo straße na STRASSE hazilingani mpaka utumie casefold(), ambayo huibadilisha kuwa ss.